Jirani wa Kupangiwa

Kijana wa Ekalakala anayepata nafasi ya chuo kikuu hupelekwa na watu wengi kabla ya kupanda matatu. Kuna aliyetoa kuku, kuna aliyetoa mia mbili, kuna mjomba aliyeahidi elfu tano akaleta elfu mbili na maelezo marefu. Kuna chifu aliyegonga muhuri fomu ya basari, na kuna mwalimu mstaafu aliyekaa jioni nzima na fomu ya mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, akisoma kila mstari kwa sauti. Mchango hufanyika Jumamosi, na daftari la majina huwekwa vizuri. Miaka minne baadaye, kijana huyo akikosa kuonekana kwenye matanga ya mmoja wa waliochanga, daftari litakumbukwa hata kama hakuna atakayelifungua.

Soko letu, Ekalakala, ni dogo. Tuko kaunti ndogo ya Masinga, Machakos ya chini, ambako jua halimsubiri mtu anywe chai. Mashamba ni ya mbaazi, kunde, ndengu na mahindi ambayo mwaka mmoja hukubali na miwili hukataa. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981 kwenye Mto Tana, ni jirani yetu, ila maji yake yanasifika zaidi kwa kuzungusha mitambo ya umeme kuliko kwa kunywesha mashamba. Mvua ya kutegemewa ni ya Oktoba hadi Desemba. Vyuo navyo hufungua Agosti na Septemba, ardhi ikiwa ngumu na mitaro ikichimbwa kusubiri mvua hiyo. Kwa hiyo kijana akiondoka na sanduku lake la bati, au siku hizi begi lake la magurudumu, huwaacha watu wakiwa na majembe mkononi.

Hao wenye majembe ndio mwethya. Aliyekulia Ukambani hahitaji kuelezwa, lakini nitaeleza kwa ajili ya wengine. Ni kikundi cha majirani, wengi wao wanawake, wanaohama kutoka shamba hadi shamba wakifanya kazi ya mwenye shamba kwa zamu: leo kwako, Alhamisi kwangu. Huku kwetu kazi kubwa ni matuta ya fanya juu. Unachimba mtaro kukata mteremko, udongo unautupa upande wa juu, kisha unapanda nyasi kwenye tuta ili maji yakija yasitembee na shamba lako mpaka bwawani. Zamani mwenye kazi aliita watu akawaandalia pombe na chakula, na kazi ikiisha kikundi kikavunjika. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliona utaratibu huo unaifaa mipango yake ya kuhifadhi udongo, na baada ya uhuru akina mama waliuchukua wakaupa viongozi, siku maalum na faini.

Nimekaa pembeni mwa mwethya nikamtazama katibu akifanya kazi yake. Daftari ni la kurasa tisini na sita, limekunjwa katikati likaingia kwenye mfuko wa leso. Kila jina lina mstari wake na kila siku ina alama yake. Aliyefika baada ya kazi kuanza hupata alama nusu, na ubishi juu ya nusu hiyo unaweza kuchukua muda mrefu kuliko kuchimba hatua tano za mtaro. Asiyefika hulipa. Mgonjwa hutuma mtoto wake mkubwa. Kilichonishangaza ni kwamba hesabu zile hazifungwi. Siku zote kuna anayedai siku mbili na mwingine anayedaiwa tatu, na msimu ukiisha hakuna anayesema tulipane tumalizane. Niliuliza sababu. Mama mmoja akaniangalia kama mtu aliyepotea njia, akasema, "Tukimalizana, kesho utamwita nani?"

Mwaka 1937 Colin Maher, ofisa wa kikoloni wa hifadhi ya udongo, aliandika kuhusu Machakos ripoti ya kukatisha tamaa kabisa: ardhi inaelekea kuwa jangwa na watu wake wanaelekea kwenye umaskini usio na matumaini. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichofuatilia wilaya hiyohiyo kutoka 1930 hadi 1990. Waliona watu wameongezeka zaidi ya mara tano ilhali mmomonyoko umepungua. Sababu walizotoa ni nyingi, zikiwemo soko la Nairobi, kahawa ya milimani, barabara na elimu. Lakini matuta yale hayakuchimbwa na soko. Yalichimbwa na watu wanaodaiana siku.

Natangulia kusema haya kwa sababu maisha ya hosteli za vyuo huzungumzwa kana kwamba yaliletwa na meli kutoka Uingereza. Kwa upande mmoja ni kweli. Tume iliyoongozwa na Jaji Cyril Asquith ilitoa ripoti yake mwaka 1945 na kushauri kwamba vyuo vikuu vya makoloni viwe vya kulala, ili wanafunzi wa makabila mbalimbali wakae pamoja na waondolewe kwenye nyumba zilizojaa watu na giza. Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ikawa kielelezo: mabweni yenye majina, kila bweni na mlezi wake, joho jekundu, meza ya juu siku za karamu. Bweni lilikuwa na timu yake, wimbo wake na tamthilia yake. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mtu wa Northcote, ambayo sasa ni Nsibirwa, na baadhi ya tamthilia zake za mwanzo aliziandika kwa ajili ya mashindano ya mabweni. Sijui kama Jaji Asquith aliwaza kwamba ushindani wa bweni na bweni ungezaa mwandishi ambaye baadaye angeiacha lugha ya jaji huyo. Wala sidhani alimwaza Gongom, sanamu ya bweni la Lumumba, ambayo wakazi wake waliifanya mhenga wao, wakaitembeza na kuiapia, wakati udugu wao na mabinti wa bweni la Mary Stuart ukipata jina lake, Lumbox.

Hapo ndipo ninapoachana na wanaodai kwamba jengo huleta jamii. Waingereza walileta jengo, mlezi na kengele ya chakula. Yaliyotokea ndani ya vyumba yalitoka kwingine.

Mtu wa Ekalakala anayekwenda Nairobi hupita karibu historia yote ya vyuo vyetu kwenye barabara moja. Ukishika lami ya Garissa pale Matuu, unafika Thika, halafu Juja, kilipo chuo cha Jomo Kenyatta cha kilimo na teknolojia, kilichoanza mwaka 1981 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Mbele kidogo ni Kahawa, palipokuwa na kambi ya jeshi la Uingereza ya Templer, iliyokabidhiwa serikali mwaka 1965 ikageuzwa Kenyatta College, leo Chuo Kikuu cha Kenyatta. Tangu barabara kuu ya Thika ifunguliwe mwaka 2012 safari yote hiyo inaweza kukukuta umelala. Mwisho wa safari ni Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichopata jina hilo mwaka 1970, na mabweni yake ya namba karibu na katikati ya jiji.

Waliosoma kabla ya 1991 hutusimulia mambo ambayo sisi tuliona ni ngano. Mesi ilikuwa bure na nyama ilikuwa nyama. Serikali ilitoa posho iliyoitwa boom, na kuna waliojenga nyumba ya mama kwa masalio yake. Chumba kilikuwa cha wawili, na mhudumu alibadilisha mashuka. Halafu mwaka 1990 wanafunzi wa mwisho wa kidato cha sita na wa kwanza wa mfumo wa elimu wa 8-4-4 waliingia kwa mkupuo, na mwaka uliofuata ikaja sera ya kuchangia gharama. Boom ikakatwa, chakula kikawa cha kulipia sahani kwa sahani, vitanda vikawa vya ghorofa. HELB ilianzishwa mwaka 1995, na mikopo yake ilijifunza kuchelewa mapema sana.

Wazee wa boom husema ndipo maisha ya chuo yalipokufa. Mimi niliyaingia baada ya kifo hicho, na naona ndipo yalipofanana na kwetu.

Nilipangiwa chumba cha wanne katika chuo kimoja kando ya barabara hiyo. Kwenye karatasi tulikuwa wanne, kwa kweli tulikuwa sita. Wawili walikuwa pairati, yaani waliokosa kitanda wakahifadhiwa na wenye vitanda. Kule Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanaita kubebana, na jambo ni lilelile: godoro jembamba hutoka chini ya kitanda saa nne usiku na hurudi kabla ya mlezi kupita. Pairati hana haki yoyote, kwa hiyo hulipa kwa adabu. Huamka wa kwanza, huteka maji bomba likiwa na maji, na hujua kutoonekana mwenye chumba anapopata mgeni wa kike. Sisi wenye vitanda tulijiona wafadhili mpaka muhula wa pili, HELB ilipochelewa, tukagundua kwamba pairati mmoja ndiye peke yake mwenye mjomba katika soko la Gikomba.

Nyuma ya mlango tulibandika karatasi ya mistari. Majina sita yalikuwa upande wa kushoto, na juu kulikuwa na unga, mafuta, sukari, mkaa wa pasi, koili. Koili ilikuwa moja, nayo ilikuwa haramu. Ni waya uliozungushwa kwenye kigae, ukichomeka unakuwa mwekundu, na umeme wa korido nzima unapungua kwa aibu. Ugali ulisongwa sakafuni, mmoja akiushika mlango kwa mguu. Mlezi akibisha, sufuria iliteremka chini ya kitanda, koili ikaingia kabatini ikiwa bado ya moto, na harufu ikabaki ikijieleza yenyewe. Mlezi wetu alikuwa muungwana: alibisha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Karatasi ile haikuwahi kusawazishwa. Ilipojaa tulibandika nyingine juu yake na tukahamisha madeni. Kuna jina ambalo kwa mihula mitatu lilidaiwa paketi tisa za unga, na hakuna aliyemfukuza mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye aliyetufundisha hesabu za takwimu usiku wa kuamkia mtihani. Unga na takwimu havina kipimo kimoja. Ndiyo maana hesabu haifungiki, na watu huendelea kukaa.

Sasa niseme juu ya mwenzangu wa kitanda cha juu. Alitoka Garsen, Mpokomo, mtu wa mto. Siku ya kwanza aliniuliza natoka wapi. Nikajibu Machakos, kama tunavyojibu watu tusiotarajia walijue soko letu. Akataka kujua Machakos ipi. Nikasema Masinga. Alikaa kitako kitandani akaniangalia vizuri, kisha akasema, "Kumbe nyinyi ndio mnaotufungia maji yetu."

Nilikuwa nimekua nikiliona bwawa lile kama kitu cha serikali kilichokaa kwetu bila kutufaa sana. Haikunijia kamwe kwamba kuna mtu upande wa chini aliyelala akihesabu siku kwa kiwango cha maji yake. Alinieleza jinsi babu zake walivyolima kwa mafuriko. Mto hupanda, huacha tope, mpunga na ndizi hupandwa kwenye tope hilo, na mwaka huhesabiwa hivyo. Tangu mabwawa ya juu yajengwe, alisema, mto ukitakiwa kufika haufiki, na usipotakiwa unakuja wote. Nikamwambia kwamba hata sisi hatunywi maji yale. Akacheka, akasema basi sote tumeibiwa na taa ya chumba hiki. Mara kadhaa tulizozana juu ya mto huo hadi wenzetu wakazima taa kwa hasira, tukaendelea gizani.

Mvua za El Niño za mwishoni mwa 1997 ziliukuta ubishi wetu bado haujaisha. Tana ilifurika, barabara ya Garissa ikakatika, na kwa majuma mengi mwenzangu huyo hakupata barua wala hela kutoka nyumbani. Hakusema. Tulijua kwa sababu aliacha kwenda mesi na akaanza kusifia uji. Karatasi ya mlangoni ikaandikwa upya na jina lake halikuwekwa kwenye safu ya kununua. Hakuna aliyelitamka jambo hilo. Maji yalipopungua na barabara kufunguka, alisafiri akarudi na gunia la maembe ya mtoni, na korido yote ikanata kwa siku nne. Kama ni malipo, yalizidi. Kama ni deni jipya, lilikuwa letu. Leo redio ikitangaza kwamba Masinga imejaa na maji yanamwagika, kama ilivyokuwa mwaka 2018 na tena mwaka 2024, mtu wa kwanza ninayempigia simu hayuko Ekalakala.

Ningechagua mwenyewe wa kukaa naye, nisingemchagua. Ningemtafuta Mkamba mwenzangu, ikiwezekana wa Masinga, tule muthokoi na kukubaliana kuhusu kila kitu. Bodi ya makazi, kwa uvivu wake wa kupanga majina kwa herufi au kwa bahati, ilinipa jirani kama kijiji kinavyotoa jirani. Mtu hachagui nani azaliwe ng'ambo ya boma lake. Unamkuta, na ng'ombe wake wanaingia kwako, na mtaro wa kwako unaanzia kwake.

Lakini jirani wa kupangiwa anaweza kuwa msiba. Kule Mlimani, miaka ya 1980, kulikuwa na Mzee Punch, gazeti la ukutani lisilo na mwandishi anayejulikana. Lilianza kwa kuwakejeli wakubwa likageuka mjeledi wa wanafunzi wa kike. Alichochora na kuandika Punch usiku, bweni lote lilikisoma asubuhi, likacheka. Aliyetajwa alitengwa, na aliyemsemesha alitajwa naye. Mwaka 1990 mwanafunzi wa kike aliyeandamwa hivyo alijiua, na Punch ikapigwa marufuku. Wanaoikumbuka husema kila mtu alijua ni watu fulani na hakuna aliyewataja. Kutunziana siri ni deni pia. Bweni linalojua kumficha pairati linajua kumficha muovu, na mlango unaoshikwa kwa mguu ni mlango uleule.

Machakos tunalo jeraha letu. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli lilimwagiwa petroli na kuwashwa moto. Wavulana 67 walikufa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Waliolala pale hawakuwa wa chuo kikuu, lakini ni kaka na binamu za waliokuwa vyuoni, na kwa miaka mingi baadaye wazazi wa huku hawakumpeleka mtoto bwenini bila kwanza kuingia, kuhesabu milango na kusukuma dirisha kwa mkono. Mwaka 2008 wizara ilitoa mwongozo wa usalama unaotaka milango ifungukie nje na madirisha yasiwe na vyuma. Mzazi wa Machakos hakuuhitaji.

Halafu Garissa. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wa Al-Shabaab waliingia chuo kikuu cha Garissa, wakawaua watu 148, wengi wao wanafunzi, kwenye ibada ya asubuhi kisha mabwenini. Walionusurika walirudishwa kwa mabasi mpaka uwanja wa Nyayo, Nairobi, na barabara yao ilikuwa hii yetu: Mwingi, Matuu, Thika. Masimulizi mengi ya kunusurika ya siku ile ni masimulizi ya chumba. Kuna aliyesukumwa kabatini na mwenzake, na kuna waliolala chini ya kitanda wakibanana na mtu ambaye wiki iliyopita hawakusalimiana. Walioulizwa baadaye nani alikuwa wapi waliweza kujibu, kwa kuwa walijua nani hulala kitanda kipi. Najua ni jambo dogo la kusemea vifo vingi kiasi hicho. Mzazi aliyesimama Nyayo hakuliona dogo.

Sasa tazama Juja. Ukishuka pale leo na kutazama upande wa Gachororo utaona ghorofa zimesimama bega kwa bega, kila moja na bango: bedsita, maji yapo, tokeni yako mwenyewe. Kahawa Wendani ni hivyohivyo. Idadi ya wanafunzi imepanda, vitanda vya vyuo havijapanda nayo, na wenye viwanja hawakulala. Bedsita ina mlango wake, choo chake, mita yake ya umeme, na msimamizi wa jengo anayekukumbuka tarehe tano kwa ajili ya kodi. Hakuna karatasi nyuma ya mlango. Unga ni wako, na ukikuishia umekuishia. Kuna kundi la WhatsApp la jengo, na kazi yake kubwa ni kuuliza kama maji yamepotea kwa wote.

Siwalaumu wanaokimbilia huko. Binti aliyewahi kubanwa kwenye korido na walevi wa bweni jirani hatasikiliza tafakari yangu kuhusu udugu wa koili, na ana haki. Anayesoma usiku na kufanya kazi mchana anahitaji usingizi kuliko ubishi juu ya Mto Tana. Hata kutoonekana kuna utamu wake kwa kijana ambaye tangu azaliwe soko zima limejua alama zake za hisabati. Mwanafunzi mmoja wa huku aliniambia kwamba siku ya kwanza katika bedsita yake alifunga mlango, akakaa kitandani, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa anadaiwa chochote na mtu yeyote aliye upande wa pili wa ukuta. Aliisema kama raha. Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona na wanafunzi wakapewa siku chache kuondoka, alirudi Ekalakala. Mama yake alimuuliza waliokuwa jirani zake wamefika salama kwao. Hakujua walikotoka.

Serikali nayo ina hesabu zake. Mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka 2023 unaziweka familia kwenye makundi kwa kipato, na kila mwanafunzi anapewa mgawo wake wa ufadhili na mkopo. Makundi hayo yamebishaniwa mahakamani, na huku sokoni yamebishaniwa zaidi, kwa kuwa watoto wa mashamba yanayopakana, yenye mbaazi zilezile zilizokauka, wamejikuta makundi tofauti. Ninachokiona mimi ni kwamba kila kitu sasa kinamfuata mtoto mmoja mmoja mpaka kwenye simu yake. Zamani mchango wa Jumamosi ulitosha nauli, godoro na karo, na aliyechangiwa alijua. Sasa mchango ni wa kujaza pengo, na kijana huona kwamba aliyemsomesha ni mtandao.

Mwezi wa nane nilikaa kwenye kikao cha familia moja ya hapa. Binti yao ameitwa chuo cha barabara hii yetu, na suala lilikuwa atalala wapi. Mjomba, ambaye ni fundi wa hesabu, alikokotoa kodi ya bedsita ya kushirikiana na binamu, akaongeza tokeni, akaongeza gesi, akaonyesha kwamba tofauti na hosteli inavumilika, na usalama je? Binamu ni mtu wa nyumbani. Shangazi alikuwa upande wake. Baba alinyamaza kama baba. Mama aliuliza swali moja tu: hosteli wanalala na nani? Akaambiwa ni yeyote, atapangiwa. Akauliza tena, hata Mturukana? Hata Mmijikenda? Akaambiwa yeyote. Nikadhani ndiyo mwisho wa hosteli.

Mama akasema binamu wanamjua tayari, na akigombana naye vita vitakuja mpaka hapa jikoni. Akigombana na wa kupangiwa atajifunza kupatana mwenyewe.

Mjomba hakuridhika, lakini alikubali. Mimi niliunga mkono nikiwa nimekula kuku wao, kwa hiyo kura yangu mtaipunguza mnavyoona. Kilichobaki ni kukipata kitanda chenyewe, na siku hizi hakuna karatasi wala foleni. Ukurasa wa makazi hufunguliwa mtandaoni, mara nyingi usiku, na vitanda huisha kabla mtu hajapata neno la siri lililomtoka. Huku kwetu mtandao hushika vizuri ukisimama karibu na mnara, na mnara uko upande wa sokoni. Tukachanga tena, mara hii pesa za bando la saa ishirini na nne, kwa sababu hakuna aliyejua ukurasa ungefunguka saa ngapi.